Daktari Onyancha Aingia Barazani

Siku Daktari Manasseh Onyancha alipomwambia mkewe kwamba angegombea udiwani, Loice alikuwa akitoa sindano kwenye maji ya moto, na alicheka mpaka ikambidi aweke koleo chini.

"Wewe?" alisema. "Wewe ambaye tukienda kwa mama yangu huwezi hata kuomba chumvi?"

"Chumvi si nzuri kwa mwili," daktari akajibu, wala hakuwa anatania.

Loice alimjua vizuri kuliko alivyojijua mwenyewe. Walikuwa wamefahamiana wodini, yeye nesi mwanafunzi, Manasseh daktari mpya aliyetoka Makerere na suti moja ya kahawia. Mwaka wa 1967 waliacha kazi ya serikali wakafungua kliniki ya vyumba vinne katika mji wa Nyakemori, ulio kati ya Kisii na Nyamira. Nyakemori ulikuwa mji kwa sababu serikali ilisema hivyo. Ulikuwa na barabara moja ya lami, soko, posta, makanisa mawili yasiyosemezana, na baraza la manispaa lenye madiwani kumi na mmoja na meya. Gari la meya lilikuwa likimaliza mji kabla dereva hajabadilisha gia mara ya tatu.

Kilichomtia daktari wazimu huo kilikuwa mtaro. Ulipita nyuma ya soko ukibeba kila kitu ambacho soko halikukitaka, kisha ukamwagika juu kidogo ya chemchemi ambako nusu ya mji ilichota maji. Mwaka mzima daktari alikuwa ameliandikia baraza barua, kumi na moja kwa jumla, akieleza habari za homa ya matumbo. Alijibiwa mara moja tu. Karani wa baraza, Obadiah, mtu wa adabu sana, alimwandikia kwamba barua zote zimepokelewa kwa shukrani, lakini anaombwa azipige chapa, kwa kuwa ofisi nzima imeshindwa kuzisoma.

Kisha akaja mjukuu wa Nyamoita, bibi aliyeuza ndizi karibu na lango la soko. Msichana huyo alilazwa na homa ya matumbo mwezi wa pili, akapona, akarudi nyumbani akanywa maji yaleyale, akalazwa tena mwezi wa nne. Alipoletwa mara ya tatu, amekonda na macho yamemtoka, daktari alimpima. Halafu akavua koti lake jeupe, akaenda uani, akasimama akiutazama ukuta kwa muda mrefu. Ilikuwa asubuhi hiyo ndipo aliporudi ndani na habari ya udiwani.

Loice alipomaliza kucheka aliona kwamba mumewe bado amesimama palepale.

"Utashindwa, Baba Kemunto," alimwambia kwa upole.

"Huenda."

"Basi angalau usishindwe ukiwa na tai hiyo."

Diwani wa kata yao wakati huo alikuwa Ombati, mwenye buchari mbili na hoteli moja. Alikuwa mwanamume mkubwa mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Akiamkia mtu sokoni, watu wa upande wa pili wa barabara waliitikia. Katika mikutano yake kulikuwa na chai ya maziwa na mandazi, na hotuba ilikuwa ileile kila mara: kwamba yeye ni mtoto wa hapa, kwamba baba yake alizikwa hapa, na kwamba yeye naye hana mpango wa kuzikwa kwingine. Watu walipiga makofi wakaongezwa chai.

Mkutano wa kwanza wa daktari ulifanywa kwenye uwanja ulio karibu na posta. Walikuja watu sitini hivi, wengi wao kwa sababu mvua ilikuwa imekatika. Daktari alipanda juu ya kreti ya soda, akasafisha koo, akasema:

"Ndugu zangu, mnakunywa mavi."

Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia, akaivaa tena. Mama mmoja alimziba mtoto masikio, ingawa neno lilikuwa limeshapita. Daktari, akidhani hawakusikia, alivuta pumzi ili arudie.

Nyamoita ndiye aliyemwokoa. Alisimama na kitenge chake kiunoni, akawageukia watu, akasema kwa Ekegusii maneno marefu yaliyotaja chemchemi, mjukuu wake na tumbo la kila aliyekuwa pale, bila kutumia lile neno la daktari hata mara moja. Watu walitikisa vichwa kukubali. Daktari akashuka kwenye kreti akifikiri mkutano umekwenda vizuri.

Jioni hiyo mezani Loice alimweka chini kama anavyomweka mtoto anayekataa dawa.

"Mgonjwa akiingia kwako, unamwambia nini kwanza?"

"Namuuliza anaumwa wapi."

"Basi waulize watu hivyohivyo. Usiwaambie ugonjwa wao kabla hujawasalimu."

Ushauri ulikuwa mzuri, ila Loice alisahau aliyekuwa akimshauri. Katika mkutano wa pili daktari alipanda juu ya kreti, akasalimia, akatabasamu kama alivyoelekezwa, akauliza, "Wananchi, mnaumwa wapi?" Mzee wa mbele akajibu goti la kushoto. Daktari akashuka kuliangalia. Nyuma ya mzee akasimama mama mwenye jicho jekundu, nyuma ya mama akasimama fundi cherehani mwenye mgongo, na kufikia saa kumi foleni ilikuwa imefika posta. Daktari alipima watu arobaini na mmoja uwanjani, wengine wamemtolea ndimi, na hakuna aliyesikia habari ya mtaro.

"Anatafuta wateja!" Ombati alinguruma kesho yake mbele ya buchari. "Mkimchagua huyo, nani atawatibu? Atakuwa barazani akilala kama sisi wengine!"

Watu walicheka, na hata Loice, aliyekuwa akipita na kikapu, alijikuta anatabasamu. Lakini alikuwa na sababu nyingine ya kutabasamu. Yeye alijua jambo ambalo mji haukulijua: kila Jumatatu ya pili Ombati aliliegesha gari lake kwenye kichochoro, akaingia klinikini kwa mlango wa nyuma, akakunja mkono wa shati, akapimwa presha na mpinzani wake. Presha yake ilikuwa mbaya. Hakutaka wapiga kura wajue, maana nani angempa kura mtu ambaye anahesabu vidonge? Na hakutaka kwenda kwa daktari mwingine kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe akiwa ameketi kitandani bila koti, "Huyu wangu ni mjinga wa siasa, lakini mkono wake wa sindano ni mwepesi."

Wiki moja kabla ya uchaguzi, rafiki yake Loice, Mong'ina, aliyeimba naye kwaya ya Sabato, alimvuta kando baada ya ibada.

"Mama Kemunto, gari la Ombati hufanya nini nyuma ya kliniki yenu?"

Loice alihisi jibu limemkaa ulimini, tamu kama muwa. Mong'ina akiambiwa kitu wakati wa wimbo wa mwisho, watu wa Mosocho wangekijua kabla ya chakula cha mchana, na Suneka kabla ya jua kutua. Sentensi moja tu ingetosha.

"Huja kulalamika," Loice akasema. "Eti wagonjwa wetu wanaegemea ukuta wa hoteli yake."

Alipomsimulia mumewe, akitarajia kusifiwa, daktari aliweka uma chini. "Ungesema, ningejitoa kesho yake," alisema, akaendelea kula. Loice alikasirika mpaka usiku, kisha asubuhi akaipiga pasi ile suti ya kahawia kwa uangalifu kuliko kawaida.

Daktari alishinda kwa kura kumi na tisa. Wachambuzi wa pale hotelini kwa Ombati walisema watu arobaini na mmoja aliowapima uwanjani walikuwa wametosha, na kwamba wale ishirini na wawili waliobaki ndio hawakupona vizuri. Ombati hakutoka barazani hata hivyo. Meya aliyekuwepo alikuwa shemeji yake, na kabla mwezi haujaisha kikapatikana kiti cha diwani wa kuteuliwa, akarudi kukaa mkabala na daktari, sauti ileile, presha ileile.

Miaka miwili ya kwanza ilimfundisha daktari unyenyekevu. Kila hoja aliyoileta ilishindwa. Hoja ya mtaro ilipelekwa kwa kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikaenda kuutazama mtaro, ikarudi na ripoti kwamba mtaro upo. Daktari alirudi nyumbani akiwa amevimba kwa hasira, naye Loice akimmenyea machungwa.

"Leo nimewaambia ukweli wote," alisema jioni moja.

"Ndiyo maana umeshindwa. Sasa niambie: huo mtaro ukijengwa, nani atasifiwa?"

Daktari alifikiri. "Sijui. Watu wataacha kuugua."

"Hilo halipigwi picha. Tafuta mtu anayependa kupigwa picha."

Alimwelewa baada ya siku tatu, na kwa mtu aliyesoma miaka mingi vile hiyo ilikuwa haraka. Katika kikao kilichofuata, Daktari Onyancha alisimama na kupendekeza kwamba, kwa kuwa Diwani Ombati ana uzoefu mkubwa wa ujenzi, yeye ndiye awe mwenyekiti wa kazi ya mtaro, na jina lake lichongwe kwenye zege siku ya kuufungua. Ombati alimtazama kwa jicho moja, akitafuta mtego. Hakuuona, kwa sababu haukuwepo. Hoja ikapita bila mtu kupinga.

Mtaro ulijengwa kwa miezi mitano. Ulifunikwa vizuri, ukageuzwa mbali na chemchemi, na siku ya kuufungua Ombati alikata utepe mbele ya mpiga picha kutoka Kisii, huku daktari akiwa amesimama nyuma kabisa, ameangalia pembeni. Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Watu waliuita mtaro ule kwa jina lililochongwa, na kwa kuwa mtaro ni mtaro tu, kila mvua kubwa iliponyesha ungewasikia wanawake sokoni wakisema, "Leo Ombati ananuka kweli." Ombati aliomba jina lifutwe. Baraza likapeleka ombi hilo kwa kamati ndogo.

Lakini wagonjwa wa homa ya matumbo walipungua. Katika mwezi mmoja wa mvua walikuja wawili tu, na mmoja wao alikuwa mgeni. Loice aliandika idadi hiyo kwenye daftari la kliniki akaisoma mara mbili, kisha akaenda kutengeneza chai bila kumwita mtu.

Katikati ya mwaka wa 1976 muda wa meya, unaokwenda miaka miwili miwili, ulikwisha, na yule shemeji akatangaza kwamba amechoka. Madiwani wangemchagua meya mwingine miongoni mwao, siku ya Jumanne, saa nane mchana. Walisimama wawili: Ombati, ambaye alikuwa na kura sita mfukoni, na daktari, ambaye alikuwa na tatu na matumaini. Loice alimwambia kila mtu aliyemuuliza kwamba kwake yote ni sawa.

Jumanne hiyo saa tano asubuhi mlango wa nyuma wa kliniki uligongwa. Alikuwa Ombati, amevaa suti mpya ya buluu, amebana pua kwa leso iliyolowa damu.

"Kichwa," alisema. "Sista, kichwa kinataka kupasuka."

Loice alimkalisha akamfunga kipimo mkononi. Zebaki ilipanda, ikapanda, ikafika mahali ambapo hajawahi kuiona ikifika kwa mtu anayeongea. Alimwita mumewe bila kupaza sauti, na daktari akaja kukitazama kipimo. Alimdunga sindano, akamvua viatu, akamlaza katika chumba cha tatu na mapazia yamefungwa.

"Saa nane niwe nimeinuka," Ombati alinong'ona.

"Ukiinuka saa nane, saa tisa tutakuwa tunatafuta mbao za sanduku."

"Ahaa. Sasa nimekuelewa. Unanilaza ili upate kiti."

Daktari alivuta kiti cha mbao akaketi kando ya kitanda. "Basi nami siendi," alisema. "Tutakosa wote."

Loice alimwita mumewe mlangoni. Alijaribu kusema kwa utulivu. "Mimi ni nesi. Naweza kupima presha kila robo saa. Nenda, ni nusu saa tu."

"Unaweza kupima. Lakini ikipanda tena, atahitaji sindano nyingine, na kiasi cha dawa ni cha kukisia. Akifia mkononi mwako kwa sababu mimi nilikuwa napigiwa makofi?" Alitikisa kichwa. "Siwezi, Mama Kemunto."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Loice zaidi. Alichukua mwavuli akatoka. Hakujua anakokwenda mpaka alipojikuta anapanda ngazi za baraza, bado amevaa kofia ya nesi, akisukuma mlango wa Obadiah.

"Ahirisha uchaguzi," alimwambia karani. "Wote wawili hawawezi kuja."

Obadiah alisimama kwa heshima, akafungua kitabu cha kanuni, akamwonyesha kwa kidole. Saa nane ni saa nane. Majina yamekwisha kuandikwa na kutiwa sahihi, na mgombea anaweza kuchaguliwa akiwepo au asipokuwepo. "Samahani sana, Sista," alisema. "Kitabu hakina ugonjwa."

Loice alisimama nje kwenye manyunyu. Alikuwa amemcheka mumewe mbele ya sindano zilizochemshwa. Alikuwa amemcheka kwenye kreti ya soda, na mezani, na mbele ya mama yake mzazi. Na sasa alikuwa kama msichana aliyekosa kuitwa jina lake siku ya matokeo, kwa sababu alitaka kiti kile, alikitaka kwa ajili ya mumewe, na hakuwa amemwambia hata siku moja.

Aliporudi alikuta matope ukumbini. Madiwani sita wa upande wa Ombati, walioliona gari lake kichochoroni, walikuwa wamejazana katika chumba cha tatu, kofia mikononi, kama watu waliokuja kutoa rambirambi mapema mno. Daktari alikuwa amepiga goti, kifaa masikioni, akisikiliza moyo wa mgonjwa, na aliwaonyesha kwa kiganja wanyamaze. Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

"Mzee, tufanyeje?" aliuliza mmoja wao, Obwocha, mtu mnene asiyesikia vizuri sikio moja. "Tukupigie kura hivyohivyo?"

Ombati alifumbua macho. Alimtazama daktari kwa muda, kichwa chenye mvi changa kilichoinama juu ya kifua chake, tai mbaya ikining'inia juu ya shuka.

"Mnajua huyu amejua presha yangu tangu lini?" alisema. Sauti ya kengele ilikuwa imebaki mnong'ono. "Tangu kabla ya ule uchaguzi wa kwanza. Angelisema siku ile, ningeshindwa kwa mia tano. Hakusema. Na huyu mke wake naye hakusema, na ana rafiki kama Mong'ina."

Madiwani walimgeukia Loice. Loice akaitazama kofia ya Obwocha.

"Nilikuwa nikimwona mjinga," Ombati akaendelea. "Bado namwona mjinga. Lakini mji huu ulishajaribu wajanja, mimi nikiwa wa kwanza. Mpeni. Nendeni kabla sijabadilisha nia."

"Usiongee," alisema daktari, ambaye kwa vile kifaa kilikuwa masikioni mwake hakuwa amesikia hata neno moja. "Unapandisha presha."

Saa tisa kasorobo Obadiah mwenyewe alikuja na karatasi chini ya mwavuli. Daktari Manasseh Onyancha amechaguliwa kuwa Meya wa Nyakemori kwa kura nane dhidi ya moja. Hiyo moja ilikuwa ya Obwocha, aliyekuwa amesimama na sikio lake bovu likimwelekea Ombati. Daktari alisoma karatasi, akaisoma tena, akamuuliza karani kama ana hakika na hesabu. Kisha akaenda kupima presha, maana robo saa ilikuwa imefika. Ilikuwa imeshuka. Loice alimwona akiegemeza paji la uso kwenye fremu ya mlango, mabega yakitikisika, na hakujua kama anacheka au analia. Alikwenda akasimama karibu naye, bega kwa bega.

"Ilinipasa nikuambie mapema," alisema baadaye kidogo. "Mimi ningekupigia kura hata ile ya kreti ya soda."

"Hukunipigia?"

"Nilikupigia. Lakini nilikuwa nacheka."

Ombati alikaa klinikini siku sita, akila ugali na mboga bila chumvi na kulalamika kwa sauti iliyokuwa ikirudi polepole. Mji wote sasa ulijua habari ya presha yake, na haukujali hata kidogo. Wapiga kura walimletea ndizi. Nyamoita alimletea mkungu mzima, akamwambia apone haraka, kwa kuwa mtaro wake umeziba.

Wiki iliyofuata Obadiah alileta joho la meya ndani ya sanduku la kadibodi. Yule shemeji alikuwa ameondoka na la zamani, na jipya lilikuwa limeshonwa Kisii mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, kwa vipimo ambavyo fundi alikuwa amepewa na Ombati mwenyewe. Daktari alipolivaa sebuleni, mikono yake ilipotea na pindo likaburuta nyuma yake kama pazia. Kemunto, binti yao, alilazimika kutoka nje ili acheke kwa heshima.

Loice alikuwa kibarazani kwake na sindano na mkasi, joho jekundu limemfunika magoti, Ombati alipokuja kuchukua vidonge vyake. Safari hii alipitia mlango wa mbele. Alisimama akimtazama akipima pindo kwa kidole.

"Sista."

"Naam, Mheshimiwa."

"Unakata?"

"Nafikiria kukata. Humu ndani anaingia mara mbili."

Ombati alikohoa, akaangalia barabara, akaangalia viatu vyake. "Kama si taabu," alisema, "kunja tu. Usikate. Miaka miwili si mingi."

Loice alimtazama kwa juu ya miwani yake ya kushonea. Kisha akaweka mkasi kando, akachukua pini, akaanza kukunja.

"Kunywa dawa zako kwanza," alimwambia, "na mboga usitie chumvi."